Mfupa wa paja umeunga, lakini mguu bado: nitajuaje kwamba niko tayari kurudi barabarani kwa baiskeli?

PedaliKahawa

Hamjambo wote. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kuumia vibaya wakiendesha baiskeli, na wa wataalamu wa tiba ikiwa wamo humu.

Wakati wa mvua za masika, nikitoka Kahawa West, hapa Nairobi, kwenda kazini, matatu iliyokuwa ikienda sambamba nami kwenye barabara ya kando ya Thika Road ilikata ghafla kuingia steji bila ishara yoyote, ikanifungia njia. Nilivunjika mfupa wa paja la kushoto katikati, nikavunjika mtulinga wa upande huohuo, na japokuwa nilikuwa na helmeti, nilizirai kwa muda, hivi kwamba yaliyofuata nilisimuliwa tu na wapita njia. Paja lilifanyiwa upasuaji na kutiwa msumari wa chuma ndani ya mfupa, unaoshikiliwa kwa skrubu juu na chini. Mtulinga uliachwa uunge wenyewe, mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa.

Katika kliniki ya mwisho daktari alitazama picha ya eksirei, akaniambia kwamba mfupa unaunga vizuri na kwamba ninaweza kuukanyagia mguu kwa uzito wangu wote. Foleni ilikuwa ndefu na hapakuwa na nafasi ya maswali. Kwa hiyo nimepona kwenye picha, ilhali mimi mwenyewe sioni kupona. Ninachechemea, hasa jioni. Goti halikunjiki vya kutosha kuniwezesha kuchuchumaa. Paja la kushoto limekonda hata suruali inalegea upande mmoja, na ngozi iliyo karibu na kovu ina ganzi. Nikikaa mbele ya kompyuta kwa muda mrefu kichwa huniuma na maneno huanza kunipotea. Tena nikisikia honi ya matatu nyuma yangu, hata nikiwa natembea kwa miguu, mwili mzima hukakamaa.

Mke wangu na mama yangu wanataka baiskeli iuzwe. Ninawaelewa, lakini baiskeli ndiyo iliyokuwa nauli yangu na ndiyo iliyokuwa afya yangu, na sitaki kuiacha kabla ya kujua kama kweli nimelazimika kuiacha. Naomba mnisaidie kwa mambo haya: mtu hujuaje kwamba mguu uko tayari, zaidi ya kuhesabu miezi? Ni dalili zipi ambazo hazifai kupuuzwa? Na waliorudi barabarani walirudi vipi? Jirani pia ananisihi niende kwa mama mmoja anayekanda mifupa, na sijui kama nimkubalie.

FizioWaMtaa

Pole sana, ndugu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa na waliovunjika mifupa hapa jijini, kwa hiyo nitajibu kuhusu mguu na bega. Ya kichwa na ya woga wapo watakaoyasema vizuri kuniliko. Chukua maneno yangu kama maelezo ya jumla, kwa sababu atakayekupima kwa mikono yake ndiye atakayejua kilichomo.

Wewe na daktari wako hamkutofautiana. Yeye alipima mfupa, nawe unalalamikia misuli, kiungo cha goti na neva, ambavyo eksirei haivionyeshi na ambavyo kila kimoja kina mwendo wake wa kupona. Mfupa wa paja uliotiwa msumari huchukua kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kuunga. Msuli wa mbele wa paja huanza kukonda ndani ya wiki chache tu za kutotumika, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko muda uliotosha kuupoteza. Neva ndizo za polepole kuliko zote: uzi wa neva uliokatika hukua upya takriban milimita 1 kwa siku. Ganzi iliyo kando ya kovu hutokana na nyuzi ndogo za ngozi zilizokatwa wakati wa upasuaji, na kwa wengi eneo lake hupungua polepole ingawa kwa wengine hubaki doa dogo lisilohisi. Hiyo haiharibu kitu. Ungeniambia kwamba huwezi kuinua unyayo, au kwamba ganzi inapanda na kuenea, ningekuambia urudi hospitalini bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kuhusu kuchechemea, inafaa uelewe chanzo chake, maana wagonjwa wengi hudhani kwamba mfupa uliungwa vibaya. Msumari wa paja mara nyingi huingizwa kutokea juu, karibu na nyonga, na njia yake hupita kwenye misuli ya ubavu wa nyonga ambayo kazi yake ni kuzuia kiuno kisianguke upande mmoja tunapoinua mguu wa pili. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, mtu huyumba kila anapokanyaga mguu uliovunjika, na hali huzidi jioni kwa sababu misuli imechoka. Simama mbele ya kioo kwa mguu wa kushoto peke yake, mkono ukiwa karibu na ukuta. Ikiwa upande wa kulia wa kiuno unashuka, au ikiwa unalazimika kuinamisha kiwiliwili kuelekea kushoto ili usianguke, basi umepata jibu, na dawa yake ni mazoezi: kulala kwa ubavu wa kulia na kuinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, kupanda na kushuka ngazi moja ukiongoza kwa mguu wa kushoto, na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mgonjwa anayefanya hayo kila siku nyumbani huwa mbele ya yule anayekuja kwangu mara moja kwa wiki na kukaa bure siku nyingine zote. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua ada za kliniki za binafsi zinawashinda wengi.

Pedali inapofika juu kabisa, goti huhitaji kukunjika kwa takriban nyuzi 110. Keti sakafuni ukiwa umevaa soksi, uburute kisigino kuelekea makalioni, ukae hapo kidogo, urudi, na ufanye hivyo mara nyingi kwa siku kwa vipindi vifupi badala ya kipindi kimoja kirefu cha kujitesa. Goti likikataa kuongezeka kwa wiki nyingi licha ya bidii, mwambie daktari wa upasuaji, kwa kuwa pengine kuna tishu zilizogandana ndani na zina matibabu yake.

Sasa kuhusu huyo mama wa kukanda. Sina ugomvi na wazee wetu, na najua kwamba mkono wenye joto hutuliza. Lakini mguu uliovunjika na kukaa bila kutembea unaweza kufanya damu igande ndani ya mshipa, hasa katika shavu la mguu, na kukanda donge kama hilo kunaweza kulisukuma hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu lake, usikubali mtu yeyote aukande. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukishikwa na upungufu wa pumzi wa ghafla au kichomi kifuani, nenda saa hiyohiyo. Vilevile asitokee mtu wa kuunyoosha au kuuvuta mfupa ambao haujaunga sawasawa. Chuma kiliwekwa kikae kama jukwaa la fundi ujenzi, yaani kishikilie mpaka ukuta usimame wenyewe. Mfupa usipounga, chuma chenyewe huchoka na kuvunjika, hata kiwe kigumu namna gani.

Nyingine za kutopuuza: maumivu mapya mahali palipovunjika ambayo yanaongezeka kila unapokanyaga, kovu linalotoa majimaji au kuwa jekundu, na homa isiyoeleweka. Kama unavuta sigara, acha, kwa sababu sigara inachelewesha mifupa kuunga na hilo limethibitishwa bila shaka. Kuhusu chakula, supu ya mifupa haina ubaya, lakini kinachojenga msuli ni protini, nayo ipo kwenye omena, mayai, ndengu, maharagwe na maziwa.

Kwa faida ya wasomaji wengine walio na ndugu wanaosubiri upasuaji: katika hospitali kadhaa nchini hutumika msumari wa shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, ambao ulibuniwa ili skrubu zake ziweze kuwekwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei ya kuonyesha picha papo hapo. Mtu asije akaambiwa kwamba paja haliwezi kutibiwa ila kwa kulala na mguu umening'inizwa kwa vizito kwa miezi, kabla hajauliza kama hospitali nyingine iliyo karibu ina msumari huo.

Bega nitalisema kwa ufupi. Mtulinga wa mtu mzima kwa kawaida huunga kwa wiki 6 hadi 12, na bila shaka wako umekwisha kupita hapo. Swali lililobaki ni kama mkono huo unaweza kubeba uzito wa kifua chako ukiwa umeinama kwenye usukani, na kama kiganja kinaweza kubana breki kwa nguvu zote bila bega kushtuka. Jaribu kujisukuma kutoka ukutani kwanza, kisha kutoka kwenye meza.

MamaWaRongai

Mwanangu, pole. Nimesoma yote, na sentensi iliyonishika ni ile ya kichwa kuuma na maneno kupotea, kwa sababu kijana wangu alipoanguka na baiskeli kwenye Magadi Road tulipitia hayohayo, na kila mtu aliyemtembelea alitazama plasta ya mkono wake bila kuuliza habari za kichwa.

Kule hospitalini alipigwa picha ya kichwa, tukaambiwa ni safi, tukamshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Baadaye ndipo daktari wa neva alipotueleza kwa utulivu kwamba picha ile huonyesha damu iliyovuja na fuvu lililovunjika, lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani humo, na mtu anaweza kuwa na picha safi akawa bado anaumwa. Kijana alikuwa akisahau alichoambiwa dakika chache zilizopita, akikasirishwa na taa na kelele, akikosa usingizi usiku na kusinzia mchana. Shuleni walidhani ni uvivu. Uchungu wa kuona mtoto mwenye bidii akiitwa mvivu kwa sababu jeraha lake halionekani bado ninao.

Niliyofundishwa kliniki ni haya. Baada ya kugongwa kichwa, mapumziko ya utulivu ni ya siku ya kwanza na ya pili, halafu mtu anarudishwa polepole kwenye shughuli zake, akitembea kidogo, akisoma kidogo, na kupunguza pale dalili zinapozidi. Kumfungia mgonjwa chumba chenye giza kwa wiki nyingi, kama tulivyokuwa tumeanza kufanya, hakupendekezwi tena. Kompyuta igawanywe kwa vipindi vifupi, na usingizi uheshimiwe. Pombe ikae mbali. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa, na kwa hiyo wewe ambaye bado unaumwa tangu masika unastahili kuonwa na daktari wa neva, wala usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Na kama maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, ukaanza kutapika, upande mmoja wa mwili ukalegea, usemi ukawa mzito au ukawa unasinzia hata usiamshike kwa urahisi, hilo ni la kukimbizwa hospitali usiku huohuo, kwa kuwa damu inaweza kukusanyika polepole juu ya ubongo wiki nyingi baada ya ajali.

Hadi kichwa kitulie, barabara isubiri. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata kwa pigo dogo, huweza kuumia zaidi ya mara ya kwanza. Tena barabara ya Nairobi inataka mtu anayeweza kusikia honi, kuona shimo, kumkwepa mkokoteni na kukadiria mwendo wa gari, yote kwa wakati mmoja. Mguu wenye nguvu hautakusaidia kitu hapo ikiwa akili bado inachelewa.

Neno moja kuhusu mkeo. Wewe ulizirai, hukujiona. Yeye ndiye aliyekuona ukiwa hujitambui, akasaini karatasi za upasuaji, akangoja kwenye benchi. Anapotaka baiskeli iuzwe hazungumzii nauli, na huwezi kumjibu kwa hesabu ya nauli. Mpeleke kliniki, akae nawe, amsikie daktari kwa masikio yake mwenyewe, na aulize maswali yake.

KaraniWaSheria

Poleni. Mimi si wakili, ila nimefanya kazi katika ofisi ya mawakili kwa muda mrefu, na ninaona hakuna aliyegusia karatasi, ilhali karatasi nazo zina muda wake.

Kisheria, dai la fidia kwa ajali kama hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka 3 huonekana mingi kwa mtu anayeshughulika na magongo na kliniki, kisha hupita. Hakikisha ajali iliandikishwa kituoni na una nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, uombe abstrakti ya polisi, ambayo ni muhtasari wao wa ajali, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Ikiwa una nambari ya usajili ya gari, mmiliki wake hupatikana kupitia rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima inapaswa kuarifiwa mapema, jambo ambalo wakili wako atalishughulikia. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari barabarani chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na kiwango cha juu ambacho kampuni ya bima hulazimika kulipa kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mmiliki mwenyewe.

Kubwa zaidi ni risiti. Mahakama zetu hazilipi gharama ambayo haikuthibitishwa, hata kama hakimu anakuamini. Risiti ya magongo, ya dawa, ya teksi ya kwenda kliniki, ya fiziotherapia, zote ziwekwe pamoja, na zile za karatasi ya mashine zipigwe nakala kwa sababu wino wake hufutika. Baiskeli na helmeti usivitengeneze wala kuvitupa kabla havijapigwa picha. Na ripoti ya daktari kuhusu majeraha isiandikwe kabla kichwa hakijachunguzwa, la sivyo utalipwa kwa mguu peke yake.

Gurudumu047

Kaka, karibu katika kundi ambalo hakuna aliyeomba kujiunga nalo. Mimi nilivunjika paja upande wa Ngong Road miaka kadhaa iliyopita, na leo ninaendesha, kwa hiyo nitajibu swali lako la mwisho.

Wengi humtaja Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, kama mfano wa mtu aliyerudi. Ni kweli, lakini soma hadithi yake yote. Juni 2019, akiikagua njia ya mashindano ya Critérium du Dauphiné nchini Ufaransa, alipiga ukuta kwa mwendo mkali, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Februari 2020 alikuwa mashindanoni tena. Hata hivyo, yule aliyekuwa ameshinda Tour de France mara 4 hakupata tena nguvu zile, na mwenyewe alieleza jinsi mguu mmoja ulivyobaki nyuma ya mwenzake. Egan Bernal wa Kolombia aligonga basi lililokuwa limesimama, Januari 2022, akivunjika paja, goti, mbavu na pingili za uti wa mgongo. Alirudi mashindanoni Agosti mwaka huohuo, lakini ushindi wa hatua, yaani wa mbio za siku moja, katika mashindano makubwa ya wiki tatu ulimjia Septemba 2025. Hawa wana madaktari wao, wapishi wao na muda wote wa mchana. Basi wewe unayeamka alfajiri kwenda kazini usijidharau kwa kuwa mguu haujarudi kabla ya vuli.

Mimi nilirudi kwa hatua. Kwanza baiskeli iliyofungwa isitembee, kiti kikiwa kimeinuliwa kidogo ili goti lisilazimike kukunjika sana, gia nyepesi, bila kutafuta jasho. Kisha msitu wa Karura, ambako baiskeli zinaruhusiwa na hakuna magari ya kukubana, na ambako nilijifunza upya kushuka kwa mguu uliovunjika, kusimama ghafla na kutazama nyuma bila kuyumba. Hilo la kutazama nyuma lifanyie mazoezi mengi, maana bega na shingo vilivyokaa kwenye kitambaa hukakamaa. Baadaye nikatoka barabarani asubuhi za Jumapili pamoja na wenzangu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Barabara ya kazini ilikuja mwisho kabisa.

Woga wako ni mwili kukumbuka, na hauna uhusiano na ujasiri. Nilipata nafuu kubwa kwa kusimama tu kando ya barabara, mahali salama, nikisikiliza magari mpaka moyo utulie, kabla hata sijagusa baiskeli. Agosti 2022, habari za kifo cha mwendesha baiskeli wetu Suleiman Kangangi mashindanoni huko Vermont zilipofika, hofu ilinirudia upya kana kwamba nilianguka jana, na nikalazimika kupumzika tena. Ukiona unaota ajali usiku, unakwepa kupita mahali ilipotokea, au unashtuka hivyo kwa zaidi ya mwezi, mtafute mwanasaikolojia. Hayo yana tiba inayofanya kazi, na wanaume tunachelewa mno kuitafuta.

Vifaa sasa. Helmeti iliyopokea pigo imekwisha kazi yake hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu. Nunua mpya, na usinunue ya mitumba, kwani huwezi kujua imeanguka mara ngapi. Fundi aivue uma na usukani, aangalie kama fremu imepinda au ina ufa kwenye maungio. Na utakaporudi, usibaki ubavuni mwa matatu inayokaribia steji. Punguza mwendo, kaa nyuma yake, acha iingie. Ni dakika chache unapoteza, na ingawa haki ya njia ni yako, uti wa mgongo pia ni wako.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2015, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ninaitaja kwa sababu inaniuma kwamba miaka yote hii tunashauriana jinsi ya kukwepa matatu, badala ya kuwa na njia ambayo matatu haiwezi kuiingia.

PedaliKahawa

Asanteni kwa moyo wangu wote. Nimejaribu kusimama mbele ya kioo, na ni kweli kiuno kinashuka upande wa kulia. Nitaomba barua ya kumwona daktari wa neva, na mke wangu amekubali tuende pamoja. Abstrakti ninayo, lakini P3 haijajazwa.

FizioWaMtaa, niruhusu swali la mwisho. Nina baiskeli ya mazoezi kwa rafiki. Nianze lini, na nitajuaje kwamba nimezidisha?

FizioWaMtaa

Mradi daktari wako amekuruhusu kukanyaga kwa uzito wote, mpigie simu muuguzi wa kliniki uthibitishe, kisha anza mara goti linapoweza kuzungusha pedali duara zima bila kuinua kiuno kitini. Kama halizunguki, sukuma mbele na nyuma nusu duara mpaka litakapokubali lenyewe, usililazimishe. Gia iwe nyepesi kabisa, dakika 5 hadi 10, siku moja ufanye na siku moja upumzike mwanzoni. Simamisha pia ikiwa kichwa kinaanza kuuma, na umweleze hilo daktari wa neva, kwa sababu ni habari atakayoitaka.

Maumivu ya misuli yanayotoweka kabla ya asubuhi ya pili ni ya kawaida. Goti likivimba usiku, au ukiamka ukichechemea zaidi ya jana, ulizidisha, basi rudi nyuma hatua moja na usiongeze chochote wiki hiyo. Ongeza dakika kwanza, uzito wa gia baadaye. Kabla ya Karura nataka uweze kuinuka kitini kwa mguu wa kushoto peke yake mara 10 bila kushika kitu, na usimame kwa mguu huo kwa nusu dakika kiuno kikiwa sawa. Kabla ya barabara ya magari nataka uruke kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuingia ndani, na umbali wa kuruka kwa kushoto usiwe chini ya asilimia 90 ya kulia. Ukifika hapo niandikie, tutazungumzia vilima. Na katika baridi hii ya Julai, usishtuke chuma kikiuma asubuhi. Vaa suruali ndefu ya joto na utembee kidogo nyumbani kabla ya kupanda.